Boksi la muvi za mwongozaji wetu liko wapi?

Ukiingia kwangu Kawangware, si mbali na steji ya 46, kitu cha kwanza utakachogonga na mguu ni katoni iliyochungulia chini ya kitanda. Usicheke. Kuna wanaokusanya viatu vya mtumba, kuna wanaokusanya jezi za Gor. Mimi nakusanya maboksi ya muvi. Yale ya karatasi ngumu, yenye filamu za mwongozaji mmoja zikiwa zimepangwa kwa utaratibu, kijitabu ndani, na mahojiano ambayo huwezi kuyapata kwa ile kopi ya mtaani.

Najua unachotaka kuuliza, kwa sababu kila mtu huniuliza. "Buda, nani bado ananunua diski? Si muvi zote ziko kwa simu?"

Swali zuri. Nipe dakika chache nikujibu, kisha nitakuuliza langu.

Kumi na mbili kwa moja

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda na nilichoka kujificha kila mtihani ukikaribia. Nikapata kibarua kwa duka la muvi hapa mtaani, upande wa Congo. Kama una umri wa kutosha unayakumbuka maduka hayo: chumba cha mabati, kompyuta moja, spika imeelekezwa barabarani, ukuta umejaa kava kutoka chini hadi juu. Diski moja finje, tatu kwa soo.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma diski na kukata kava kwa makasi. Ndiyo, kopi. Sitajifanya malaika hapa. Hiyo hadithi tutairudia.

Bidhaa iliyokuwa ikitoka haraka kama chapati za asubuhi ni diski za mkusanyiko. Jet Li nane kwa moja. Van Damme kumi na mbili kwa moja. Diski ya kawaida ya DVD hubeba GB 4.7, na muvi moja iliyotengenezwa vizuri inaweza kuimaliza yote. Sasa wewe binya muvi kumi na mbili hapo ndani. Picha ilikuwa kama unatazama kupitia kitako cha chupa ya soda. Lakini hatukujali. Hayo ndiyo yalikuwa maboksi yetu ya kifahari, na mtu akiwa na tano au sita ya hizo nyumbani, Jumapili majirani walijaa kwake.

Kuna kitu nilikiona baadaye sana. Mikusanyiko yetu yote ilipangwa kwa nyota. Hakuna hata moja iliyopangwa kwa mwongozaji. Miaka miwili nilikaa kwa lile duka, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyeuliza, "Una nyingine ya huyu aliyeitengeneza?" Walisema tu, "Nipe ya yule msee wa mateke." Muvi kwetu ilikuwa kama mvua. Inanyesha tu, hakuna anayeuliza imetengenezwa na nani.

Jumamosi moja Toi

Kilichonibadilisha nilikipata soko la Toi, upande wa kuelekea Makina. Nilikuwa nimetoka Kawangware kutafuta jaketi. Kulikuwa na mathe mmoja anayeuza vitu vya nyumba za watu waliohama: taa, vikombe, vitabu vizito ambavyo watu hununua kuegemeza mlango. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na boksi limeandikwa jina la Alfred Hitchcock. Filamu 15 za mtu mmoja, kuanzia zile za miaka ya 1940 hadi ya mwisho ya 1976.

"Mia nane, kijana wangu. Hii ni ya mzungu."

"Mathe, hii ni Blu-ray. Hata mashine ya kuiweka sina."

Tulivutana pale hadi ikafika mia nne na hamsini. Nikarudi nyumbani bila jaketi.

Mashine kweli sikuwa nayo. Nikaenda kwa jamaa mwenye base ya PlayStation, maana PS3 husoma Blu-ray. Akanitoza kama mtu anayecheza, kwa saa. Tukaweka Rear Window, ya 1954. Ni jamaa amevunjika mguu, amekaa dirishani siku nzima anatazama majirani, hadi anaanza kushuku kwamba mmoja wao ameua mke wake. Vijana waliokuwa wakingoja zamu ya FIFA walilalamika kama dakika kumi hivi. Halafu wakanyamaza. Si lazima uelezwe hiyo hadithi ukiwa umelelewa Kawangware, ambako ukuta ni bati na jirani akipiga chafya wewe unamwambia pole.

Ilipoisha, mmoja wao, mvulana wa darasa la nane hivi, aliuliza, "Kwani nani alitengeneza hii?"

Miaka miwili dukani sikuwahi kulisikia hilo swali. Boksi ndilo lililolileta. Ukiona jina moja juu ya kazi 15, ni lazima ujiulize huyu mtu ni nani, alianza vipi, alikuwa anarudia nini kila mara, aliboreka wapi na alichemsha wapi. Muvi moja inakupa hadithi. Boksi linakuonyesha maisha ya mtu akiwa kazini.

Na nafasi moja kwenye boksi langu ilikuwa tupu. Diski ya Vertigo haikuwemo. Hadi leo iko tupu, na hadi leo kila nikipita Toi naangalia. Mkusanyaji yeyote atakuambia: ile nafasi tupu ndiyo inayokuamsha usiku.

Mzee wa mkokoteni

Sasa usifikiri haya ni mambo ya wazungu peke yao. Binamu yangu anayefanya kazi Marekani aliniuliza anitumie nini. Wengine wangeomba simu. Mimi niliomba boksi la Ousmane Sembène.

Sembène alikuwa Msenegali, alizaliwa 1923 na kufariki 2007. Shule hakumaliza. Alifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Marseille, akajifunza kuandika riwaya, kisha alipokuwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu, kwa sababu aliona watu wake wengi hawasomi vitabu. Niliposoma hayo, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, niliketi wima.

Filamu yake fupi ya 1963, Borom Sarret, inamhusu mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Siku nzima anabeba watu wasiolipa. Mwishowe anakubali kumpeleka mteja mmoja kwenye mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamkamata na mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani na farasi, mikono mitupu.

Ilipigwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, mbali na hapa. Lakini wewe simama pale Kawangware inapopakana na Lavington, umuone jamaa wa mkokoteni akitazama kushoto na kulia kama kanjo wako karibu. Utaniambia hiyo muvi ni ya Dakar au ni ya kwetu.

Mnamo 2024 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa boksi la filamu zake tatu: Emitaï ya 1971, Xala ya 1975 na Ceddo ya 1977. Hiyo Ceddo ilizuiwa kwao Senegal miaka kadhaa, na sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa eti neno lenyewe halifai kuandikwa na d mbili. Leo mtu wa Kawangware anaweza kuishika mkononi, imesafishwa na kutafsiriwa kwa maandishi chini ya picha. Waliopiga marufuku wameondoka, diski iko.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Diski ilikataa kucheza. Blu-ray za Marekani nyingi zimefungiwa kanda A, na sisi Afrika tuko kanda B. Nilihangaika wiki mbili hadi nikapata mtu mwenye mashine isiyobagua kanda. Kwa hivyo kabla hujamtuma shangazi yako wa ng'ambo, soma nyuma ya boksi.

Jirani yetu wa Wakaliga

Utasema, Sembène ni mkubwa, ni lejendi, yeye atatengenezewa boksi tu. Sawa. Basi twende hapa jirani, Kampala.

Huko kuna mtaa unaitwa Wakaliga. Mitaro, matope, nyumba zimebanana, yaani ungeshuka hapo ungefikiri bado uko Gatwekera. Ndiko Isaac Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G., alianza kupiga muvi za ngumi na risasi. Kabla ya hapo alikuwa akifyatua matofali. Kompyuta ya kuhariri aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri chakavu. Bunduki ni za vyuma na mbao. Who Killed Captain Alex? ya 2010 iligharimu pesa ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzimaliza kwa wikendi moja ya nyama choma. Waigizaji wenyewe ndio waliozunguka mitaani wakiuza diski na kugawana mapato, wakikimbizana na watu wa kopi. Watu kama mimi.

Na juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele, anatania, anakuambia ukae tayari. Unamjua huyo mtu hata kama hujawahi kumsikia. Ni ndugu wa DJ Afro. Wenye maboksi ya kifahari hujivunia sauti ya mwongozaji akieleza filamu yake huku inacheza. Sisi hayo maelezo tumekuwa nayo miaka yote kwenye vibanda vya video, tena na vichekesho juu.

Leo Nabwana ana diski yake ya Blu-ray iliyotolewa na taasisi ya kuhifadhi filamu ya Marekani, American Genre Film Archive, yenye Captain Alex na Bad Black pamoja. Muvi zilizouzwa nyumba kwa nyumba Wakaliga sasa zimekaa kwenye rafu za wakusanyaji, karibu na hao kina Hitchcock. Hakungoja awe tajiri. Aliendelea kutengeneza hadi mtu akaona ni lazima zitunzwe.

Sasa swali langu

La kwetu liko wapi?

Si kwamba hatuna kazi. Hawa Essuman alipiga Soul Boy hapa Kibera, ikatoka 2010, hadithi ya mvulana anayetafuta roho ya baba yake iliyochukuliwa. Nathan Collett alipiga filamu fupi Kibera Kid mwaka wa 2006 na vijana wa mtaa. Tosh Gitonga alitupa Nairobi Half Life mwaka wa 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni. Likarion Wainaina alitupa Supa Modo mwaka wa 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea filamu mtoto mgonjwa. Wanuri Kahiu ana From a Whisper, ana Pumzi, ana Rafiki. Hiyo Rafiki ilipigwa marufuku 2018, na Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku 7 tu. Watu walipanga foleni Prestige, pale Ngong Road, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Siku saba. Kama ulikuwa na malaria wiki hiyo, pole.

Kazi za Kahiu pekee zinatosha boksi. Lakini miaka yote hii nikichakura Toi, Gikomba na maduka ya katikati ya jiji, boksi la mwongozaji Mkenya sijawahi kuliona.

Na hapa ndipo narudi kwa ile hadithi niliyokuahidi.

Nikiwa dukani, alikuja jamaa wa Gatwekera aliyekuwa na mjengo Kawangware. Akaona ukutani kava ya filamu fupi iliyopigwa Kibera. Akacheka, akasema, "Mimi niko ndani ya hii." Alikuwa amecheza sehemu ndogo, kukimbia tu na kuanguka. Akanunua kopi yangu kwa finje. Mtu alilipia kopi ya jasho lake mwenyewe, na mimi nikamrudishia chenji bila aibu.

Miaka ilipita. Duka likafungwa, maana watu walianza kuja na flashi, halafu hata flashi wakaacha. Siku moja yule jamaa akanipigia simu. Mama yake alikuwa amefariki. Ile diski niliyomuuzia ilikuwa imekataa kabisa, inazunguka tu na kuandika hakuna diski. Akaniuliza kama bado ninayo.

"Kuna mahali napita nikikimbia," alisema, "mathe yuko nyuma anauza omena. Hakujua anapigwa picha. Ananicheka."

Hakukuwa na video nyingine ya mama yake. Picha za kitambulisho na za mazishi, basi.

Nilimpigia bosi wangu wa zamani. Alisema ile hadi ya kompyuta aliifuta kitambo ili aweke series. Nilitafuta mtandaoni, nikapata kipande cha dakika mbili, na mathe hakuwemo. Kopi zote nilizochoma, sijui mia ngapi, hakuna hata moja niliyoweza kuipata inayocheza. Diski za bei rahisi za kuchoma huoza, hasa zikikaa kwenye nyumba ya mabati inayopikwa na jua mchana kutwa. Tulikuwa tumeisambaza ile filamu mtaa mzima na hatukuitunza mahali popote.

Tuliipata Makina, baada ya karibu mwezi. Dada mmoja aliyekuwa amesaidia upande wa mavazi alikuwa na diski halisi, kava yake, amefunga kwa karatasi ya plastiki na kuiweka kwenye sanduku la vyeti vya watoto. Nilimwambia aseme bei. Akasema, "Hii siuzi. Kaeni muone."

Tukakaa. Yule jamaa aliomba irudishwe nyuma mara nne. Mathe ana leso ya manjano, mkono mmoja juu ya omena, anacheka mwanawe anavyoanguka. Ni kama sekunde tano hivi.

Safari hii sikuchoma kopi kimyakimya. Kwenye kava kulikuwa na anwani ya waliotengeneza. Tuliwaandikia, nikakiri na ya zamani, tukaomba ruhusa ya nakala moja ya familia. Wakakubali. Hilo ndilo jibu langu kwako unayesema kila kitu kiko kwa simu. Kilichoko kwa simu kiko hapo hadi mwenye mtandao akiondoe. Kilichomwokoa huyu mama ni mtu mmoja aliyenunua kitu halisi na kukiheshimu.

Anza na moja

Huhitaji pesa za Lavington. Fanya hivi.

Chagua mwongozaji mmoja, si nyota. Andika orodha ya kazi zake zote na mwaka wa kila moja, hata zile fupi. Ukishaandika, tayari una boksi lenye nafasi tupu, na zitakukera hadi uzijaze.

Tafuta nakala halali. Diski halisi za kwetu huwa na stika ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Usipopata dukani, waandikie waliotengeneza filamu. Wengi wako mitandaoni na hujibu. Wengine wana katoni za diski ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ukinunua za ng'ambo, kumbuka kanda. Kwa DVD sisi ni kanda 5, kwa Blu-ray ni B. Shika diski ukingoni, iweke wima, mbali na jua na moshi wa jiko. Usiandike juu yake na biro.

Halafu onyesha watu. Boksi lililofungwa halimsaidii mtu. Mimi mwezi mara moja hubeba katoni hadi ile base, saa mbili usiku, FIFA inasimama kidogo na tunaona kitu kimoja. Juzi tuliona Xala. Walicheka hadi jirani akagonga bati.

Katoni yangu ina nafasi mbili. Moja ni ya Vertigo, na hiyo naweza kungoja. Ya pili nimeipima kwa rula, upana wa diski tatu, na nimeandika juu yake kwa kalamu: Wanuri Kahiu. Ukiliona hilo boksi kabla yangu, tafadhali ninunulie. Nitakurudishia pesa yako, na safari hii si finje.